Nilikwenda Mtongwe Kumwuliza Henrik

Binti yangu Nafula anaishi Kanada, mwaka wa tisa sasa, na kwa miezi minne amekuwa akinisihi nihamie kwake. Mimi ni mwalimu mstaafu wa chuo cha ufundi hapa Kitale. Nina nyumba ya matofali, ekari mbili za mahindi, na magoti yanayonilalamikia kila nikiinama. Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Nafula hakuweza kuja kumzika kwa sababu karatasi zake za ukaaji zilikuwa bado hazijakamilika, akafuatilia mazishi kwenye simu iliyoshikwa na binamu yake juu ya vichwa vya watu. Siku hizi hupiga kila Jumapili na kila Jumapili ana sababu mpya: hospitali za huko ni nzuri, kuna chumba kitupu, theluji huzoeleka. Fomu za kibali zilikuwa zimefika, zikingoja sahihi yangu tu.

Niliogopa, sitaficha. Niliogopa kuwa mzigo, niliogopa kufia mahali ambapo jirani hanijui jina, na niliogopa pia kumkatalia mtoto wangu wa pekee. Marafiki zangu wa Kitale walinishauri sana, nusu wakisema nenda na nusu wakisema baki, na wote hao hawajawahi kulala ng'ambo ya Nairobi. Ushauri ni bure, ndiyo maana huwa mwingi.

Ndipo nikamkumbuka Henrik. Huyu ni Mdenmaki aliyefundisha useremala pamoja nami kwa miaka sita, chuo chetu kilipokuwa bado kichanga. Alirudi kwao, akafanya kazi mpaka akastaafu, kisha badala ya kukaa karibu na jiko lake akiota moto, akahamia Mtongwe, kule Likoni, Mombasa. Katika watu wote ninaowajua, ni yeye peke yake aliyehama nchi akiwa na mvi. Nikamwandikia ujumbe kwamba naja kumwuliza jambo. Alijibu kwa maneno machache: "Njoo. Lete viatu vya kazi." Nilidhani anatania.

Jumatano asubuhi nilipanda basi Kitale, nikalala Nairobi kwa ndugu yangu, na Alhamisi nikashika treni ya kwenda pwani. Njiani nilikuwa nimeshamjibia Henrik swali langu. Mzungu anahamia Mombasa kwa nini? Jua lipo, bahari ipo, na pensheni ambayo kwao ni ya kubana matumizi huku inamfanya bwana mkubwa mwenye mpishi. Hata mimi ningepewa pensheni ya Ulaya ningenunua kofia ya ukili na kuhamia ufukweni. Nilijiona mwerevu mpaka Voi, nikasinzia.

Saa nane mchana tulishuka Miritini, na joto likanipokea kabla ya Henrik. Alikuwa amesimama kivulini, mrefu kama zamani, nywele nyeupe kabisa, amevaa shati la mikono mifupi na kikoi. Sikungoja hata kuweka mkoba chini.

"Henrik, nina swali moja tu, nalo ni—"

"Mwalimu, uhali gani?"

"Mzima. Sasa, swali langu—"

"Na safari?"

"Njema."

"Na binti yako kule aliko? Na Kitale, mvua imewanyeshea?"

Nikajibu yote, moja baada ya jingine, mpaka nikaanza kucheka. Naye akacheka. "Watu wa bara mna haraka," alisema. "Nami nilikuwa hivyo hivyo. Huku mtu hupokewa kwanza, maneno yake baadaye." Nimefundisha miaka thelathini na miwili, na sijawahi kukumbushwa adabu za salamu na Mdenmaki nikiwa bado sijatoka kituoni.

Tulichukua teksi kwa barabara mpya ya Dongo Kundu. Zamani ungelazimika kuingia kisiwani upange foleni ya feri, lakini sasa madaraja yanakuvusha juu ya mikono ya bahari, mikoko chini yako, na winchi za bandari zikibaki nyuma upande wa kushoto. Henrik alikuwa akinionyesha kila kitu kwa majivuno kana kwamba amekijenga yeye. Mimi nilikuwa natazamia jumba jeupe lenye bwawa la kuogelea. Teksi ilisimama mbele ya nyumba ya Kiswahili yenye paa la mabati, baraza ya saruji na karai la mbaazi limefunikwa mlangoni. Rafiki yangu amepanga vyumba viwili tu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda refu, na ndani ya banda, mabenchi yamepangwa mpaka darini.

Mwenye nyumba ni Mama Kadzo, Mgiriama wa makamo, muumini wa kanisa la jirani na muuzaji wa mahamri na mbaazi kila asubuhi. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mwalimu, karibu sana. Twaambiwa ndiwe ulomfunza huyu Fundi wetu Kiswahili."

"Ndiye mimi, mama."

"Basi una kesi. Alikuja hapa akisema kama askari atoaye amri. Sisi ndio tulomtengeza."

Jioni tulikula wali wa nazi na samaki, na hapo nikaruhusiwa kuuliza. Kwa nini aliacha nchi yake akiwa mzee?

"Kwa sababu ya jua," alisema Henrik. "Sitakudanganya. Magoti yangu yalikuwa mabaya, mke wangu tulishaachana zamani, na pensheni yangu huku inanitosha na kubaki. Wengi wetu tunakuja kwa sababu hizo, hata wanaosema wamekuja kwa sababu ya mapenzi. Lakini jua, Mwalimu, linachosha. Kufika mwezi wangu wa sita nilikuwa nimeshatafuta ndege ya kurudi."

"Nini kilikuzuia?"

Mama Kadzo akapiga makofi. "Mwambie habari ya kibao! Kama huwezi, n'tamwambia mimi."

Basi Henrik akaniambia. Mwaka wake wa kwanza Henrik aliona kwamba watu wa mtaa wakifiwa hawana mahali pa kukalia. Akiwa seremala, akatengeneza mabenchi thelathini ya mbao nzuri, akayapiga rangi, akayaweka bandani. Kisha akatundika kibao mlangoni: anayehitaji mabenchi ya matanga aje aombe, saa nane hadi saa kumi, isipokuwa Jumapili. Haukupita mwezi, jirani wa ng'ambo ya njia akafiwa na mke. Henrik akavaa shati safi, akakaa mlangoni kungoja. Hakuna aliyekuja. Siku ya kwanza watu walikaa kwenye mikeka. Siku ya pili wazee wakakalia mitungi ya plastiki iliyopinduliwa, wakiyatazama mabenchi yake kupitia mlango wa banda.

"Nilidhani wananichukia," Henrik alisema. "Siku hiyo ndiyo nilitafuta ndege."

"Nani amchukie?" Mama Kadzo alidakia. "Mfiwa haombi, mwalimu. Mfiwa yuaketi tu, watu ndio wamjiao. Mwenye sufuria alete sufuria, mwenye pipa la maji alete pipa. Huyu alitaka mtu alofiwa na mkewe aje apige hodi saa nane! Nikamjia siku ya tatu, nikamwambia, Fundi, wewe wangoja nini? Kitu unacho, na kilio wewe wakisikia."

Henrik aliyabeba mabenchi yote siku hiyo, mawili mawili, akivuka njia mbele ya macho ya watu, na anasema alikuwa akilia wazi wazi bila kujua anamlilia marehemu au upumbavu wake. Hakuna aliyemsema. Walisogea, wakakaa. Jioni mtu akamletea chai pale pale msibani, na kibao Henrik akakipasua kikawa kuni.

Ijumaa alfajiri niliamshwa na kilio. Mzee Karisa, mgema aliyeishi nyumba ya nne kutoka kwetu, alikuwa ameaga dunia. Nilipotoka nje nilimkuta Henrik ameshafungua banda na kupakia nusu ya mkokoteni.

"Viatu, Mwalimu," aliniambia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya kwanza haikutimia nikapewa mkokoteni. Tulisukuma wawili, Mama Kadzo akifuata nyuma na sufuria yake kubwa kichwani, na tulipofika tuliwakuta wengine wanaingia uani na kuni, mikeka, magunia ya nazi. Hakuna aliyetushukuru wala aliyetuuliza tumetumwa na nani. Mjane alikuwa ndani, ameketi sakafuni katikati ya wanawake. Hilo ndilo hanga, kama Wagiriama wanavyoyaita matanga yao, na ndani ya saa moja ua ulikuwa umejaa na kila mzee ana pa kukaa.

Kisha kaka wa marehemu akamsogelea Henrik, akamshika mkono. Henrik akaitikia kwa kichwa, akachukua kamba yake ya kupimia, akaingia ndani. Jeneza pia lilikuwa kazi yake. Tulirudi bandani, akanipa randa. Nilikuwa sijashika randa kwa miaka kumi. Nilipopitisha mkono juu ya ubao wa kwanza nikasikia furaha, nikaona aibu kwa kufurahi siku ya msiba, lakini ndivyo ilivyokuwa. Magoti nayo yakanyamaza. Nilimtazama yule mzee wa kizungu akichonga jeneza la mgema wa Kigiriama kwa uangalifu, kila pembe akiipima mara mbili, na nilimheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu tukiwa vijana.

"Wewe watakuzika wapi?" nilimwuliza.

"Hapa hapa. Mama Kadzo ameshaniahidi."

"Basi huna hasara yoyote."

Akaacha kupiga randa. "Usiwaambie hivyo watu wa Kitale. Nina mwana ambaye wanawe hunijua kwenye simu tu. Na mwaka jana dada yangu alifariki. Nilimwona akiteremshwa kaburini kwenye kioo kidogo kama hiki," akaonyesha kiganja chake. "Sikuwa nimemwambia mtu. Nilijifungia chumbani."

"Ukafanyaje?"

"Mama Kadzo alinisikia. Nilipofungua mlango, uani kulikuwa na mikeka, na mabenchi yangu mwenyewe yametolewa. Mtaa mzima ulikuja. Hawakumjua dada yangu, hata jina lake hawawezi kulitamka. Walikaa nami siku tatu." Akachukua randa yake tena. "Ulitaka kujua kwa nini nimebaki. Ni hilo."

Nilikuwa nimemkumbuka Nafula. Mke wangu alipokufa mimi nilizungukwa na watu wiki nzima. Walinipikia, walilala kwangu, walinichekesha hata. Yeye alikuwa na simu mkononi, peke yake, katika mji ambao hakuna aliyejua kwamba amefiwa. Katika miaka mitatu sikuwahi kumwona kama mfiwa. Nilimwona kama mtu aliyekosa kufika mazishini, na Mungu anisamehe, kuna siku nililikasirikia jambo hilo.

Jumamosi tulimzika Mzee Karisa. Jumapili asubuhi Mama Kadzo alinifungia mahamri kwa gazeti, Henrik akanisindikiza mpaka Miritini. Nilimwambia sikuuliza swali langu lililonileta, kama niende Kanada au nisiende. "Kanada sijafika," alisema. "Msalimu binti yako." Tukaagana kwa kirefu, kama wafanyavyo watu wa pwani.

Jumatatu jioni niliingia Kitale. Mvua ilikuwa inanyesha na nyumba ilikuwa baridi. Nilikuwa nimesafiri mpaka baharini kujua kama nchi ya watu inaweza kumfaa mzee, na jibu nimelipata kwa macho: inaweza, akienda na mikono yake na akikubali kufundishwa upya. Lakini miezi minne yote nilikuwa nimejiuliza Kanada itanifaa nini mimi. Nafula alinitajia hospitali, chumba, theluji, kila kitu isipokuwa nafsi yake, nami, kama Henrik na kibao chake, nikangoja aombe mtu wa kukaa naye.

Kwa kawaida yeye ndiye hupiga. Safari hii nilipiga mimi, bila kungoja Jumapili. Alishtuka, akadhani naumwa. Nikamsalimia kikamilifu, kazi yake, afya yake, hali ya hewa, kisha nikauliza.

"Nafula, mama yako alipokufa, nani alikuja kukaa nawe?"

"Hakuna, Baba," alisema. "Alizikwa Jumamosi. Jumatatu nilikwenda kazini."

"Naja," nilimwambia. "Fomu natia sahihi sasa hivi. Naja tukae matanga ya mama yako."

Akaanza kulia, kilio cha miaka mitatu, nami nikavuta kiti, nikakaa naye mpaka akamaliza.