Simu ya Kuku

Siku aliyorudisha shati la kampuni, Immakulata alilifua kwanza, akalipiga pasi, akalikunja kama limetoka dukani. Hakutaka mtu aseme ameondoka kwa ugomvi, maana ugomvi haukuwapo. Kampuni ya simu ilimlipa vizuri, ilimpa kiti kinachozunguka katika ofisi yake ya Kasulu, na mara mbili ilitundika picha yake ukutani kuwa ndiye mhudumu mwepesi kuliko wote. Mwepesi maana yake simu zake zilikuwa fupi. Mteja akianza, "Habari za asubuhi dada, sijui huko hamjambo," yeye ameshasema, "Nikusaidie nini?" Mteja hajameza mate, shida imekwisha, simu imekatika.

Msimamizi wake, Khatibu, alikuwa mtu wa Tanga aliyeletwa Kasulu na kazi, akaizoea baridi yake. Alilipokea lile shati kwa mikono miwili kama anapokea mtoto.

"Sasa wewe Ima, unaacha kazi yenye bima uende kufuga kuku?"

"Sifugi, bosi. Nafungua simu."

"Simu ya kuku."

"Ya wenye kuku."

Khatibu alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena alikuwa na uso mwingine. "Sikia, mdogo wangu. Kiti chako nitakishikilia mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kuna kijana wa Kigoma mjini anakisubiri. Kama mambo hayaendi, usione haya. Rudi."

Immakulata alishukuru, akatoka. Nje upepo wa asubuhi ulimpiga kifuani mahali lile shati lilipokuwa likibana, na moyo ukamwenda mbio kama wa msichana aliyesikia wageni wa posa wako njiani.

Jambo lenyewe lilianzia kwa mama yake, kule Murungu, upande wa Kibondo. Mama yule alivuka kutoka Burundi akiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Uraia alikuja kuupata baadaye, lakini kuku aliwapata mwaka ule ule wa kwanza, na ndio waliomsomesha Immakulata. Kisha kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikaingia kijijini. Kideri hakibishi hodi. Jioni kuku anasinzia, asubuhi unamkuta miguu juu. Haikupita wiki banda likawa kimya, mama anafagia manyoya tu.

Immakulata aliporudi Kasulu alikwenda moja kwa moja kwa Saady, muuza dawa za mifugo pale sokoni, akamuuliza kama kideri kina chanjo. Saady akafungua friji. Chanjo ilikuwepo, imekaa pale inapigwa na baridi.

"Kwa nini hukuwauzia watu wa Murungu?"

"Nimuuzie nani, dada? Chupa moja inatosha kuku wa kitongoji kizima. Mwenye kuku sita hawezi kuinunua peke yake, na ukishaifungua haikungojei. Inataka watu wakusanyike pamoja, alfajiri, kuku hawajafunguliwa. Tone moja jichoni, basi. Wakikusanyika nakwenda mwenyewe hata na homa. Sasa nani wa kuwakusanya?"

Swali hilo lilimganda Immakulata kama kupe. Alilala nalo, akaamka nalo, akajibu nalo simu za watu kwenye kile kiti. Mpaka siku alipoona jibu liko mdomoni mwake mwenyewe. Si alikuwa mtu wa simu? Basi iwepo namba ya bure. Mama wa kijijini apige, asikatwe salio, asikie kwa Kiha kwamba chanjo inakuja kwenu siku fulani, mahali fulani, kuku msiwafungue. Saady akatoa friji na pikipiki. Immakulata akatoa akiba yake na sauti yake.

"Kampuni changa," Saady alikuwa akiwaambia wateja wake. "Watu wawili na friji. Mkurugenzi ni friji."

Sauti aliirekodi chumbani kwake, amejifunika blanketi ili pikipiki za nje zisisikike. Aliyapunguza maneno, akayapunguza tena, kama alivyofundishwa kazini. Salamu, kijiji, siku, mahali, kwaheri. Hapakuwa na neno la ziada. Alijisikia fahari. Namba wakaitangaza kanisani na msikitini, wakaibandika kwenye mashine za kusaga, na kijiji cha kwanza kikawa Titye.

Simu zikaanza kuingia. Kwenye kompyuta pale dukani kwa Saady, kila mtu anapopiga kidoti cha kijani kinawaka, na kinabaki kikiwaka mpaka akate. Immakulata alivuta kigoda, akakaa mbele yake kama watu wanavyoangalia mpira.

"Mwingine huyo," anasema. "Huyu naye. Saady, njoo uone, hawakati. Wanasikiliza mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho kabisa?"

"Na wengine wanarudia."

Saady aliacha mteja na dawa ya kupe mkononi, akaja kutazama. "Hawa watu wa Titye," akasema, "watatumalizia chanjo yote. Niagize nyingine."

Alfajiri ya siku yenyewe waliondoka Kasulu na giza la mwisho, Saady mbele, Immakulata nyuma amepakata boksi la barafu. Ukungu umelala mabondeni, migomba inadondosha maji. Walipofika kwenye uwanja wa shule ya Titye jua lilikuwa linachungulia. Wakasubiri. Akaja mzee mmoja, Havyarimana, na jogoo wake kwapani.

"Wengine wako wapi, mzee?" Saady akauliza.

"Wengine wepi?"

Jua likapanda. Kuku wa kijiji kizima walikuwa wameshafunguliwa, wanaparura kwenye mihogo. Chupa haikufunguliwa. Havyarimana alingoja kwa adabu, kisha akamhamishia jogoo kwapa la pili, akaenda zake.

Saady alikuwa mtu wa mzaha, lakini asubuhi hiyo aliongea bila mzaha. "Dada Ima. Nitakuja mara moja nyingine, kwa heshima yako. Tukikuta uwanja mtupu tena, mimi friji yangu narudishia dawa za ng'ombe."

Immakulata alikaza mfuniko wa boksi. Alijua siku zilizobaki kufika mwisho wa mwezi bila kuambiwa, na aliona kile kiti kinazunguka. Lakini kulikuwa na kitu kinamkera kuliko woga. Walipiga. Walisikiliza mpaka mwisho. Sasa mtu anasikilizaje mpaka mwisho halafu asije? Akaliacha boksi kwa Saady, akashika njia mpaka nyumba ya kwanza. Saady akamfuata akisukuma pikipiki.

Uani kulikuwa na mwanamke mtu mzima, Mama Tharsisi, amekaa anamenya muhogo. Immakulata akainama akamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye." Mama akaweka kisu chini, akaweka na muhogo, akajifuta viganja kwenye kanga, akavigonganisha taratibu huku anaitika, kama Waha wanavyoamkiana. Akauliza amani ya watokako, akagonga tena. Akauliza wazazi, akagonga tena. Immakulata naye anagonga, anaitika, ingawa roho inamruka. Ilipokwisha ndipo akauliza.

"Mama, hukusikia habari ya chanjo ya kuku? Ina namba ya simu."

"Nilipiga hiyo namba. Ina msichana ndani."

"Alikwambia nini?"

"Aliniamkia. Sauti nzuri, Kiha kizuri, mtoto wa watu. Nikaweka simu hapa," akaonyesha ukingo wa mkeka, "nikamwitikia." Akagonga viganja kuonyesha. "Nikamuuliza wa kwao, nikamuuliza mvua ya kwao. Kuinua simu, hayupo."

"Hayupo?"

"Ameondoka. Nikasema labda mtandao. Nikapiga tena. Akaniamkia upya, kama hatujawahi kuonana. Nikaweka chini, nikamwitikia. Kuinua, ameondoka. Na jirani zangu wote amewafanya hivyo hivyo. Tukasema basi, mtu asiyengoja kuitikiwa atakuwa na habari gani ya maana? Sijui wamemlea wapi."

Saady aligeuka akaiangalia pikipiki yake, mabega yanatikisika.

"Mama," Immakulata akasema, "yule msichana ni mimi."

Mama Tharsisi alimtazama kuanzia viatu mpaka kilemba. "Wewe? Mbona hapa una adabu?"

Njia nzima ya kurudi Kasulu Immakulata alikuwa anacheka nyuma ya pikipiki, anampigia Saady kelele sikioni juu ya upepo. Simu zilikuwa chini kwenye mikeka! Kile kidoti cha kijani kilikuwa kinawaka, na yeye anaisomea mikeka habari za kuku, wenyewe wako pembeni wanamwitikia.

"Basi dawa ni ndogo," Saady akasema walipofika dukani. "Waambie wasiweke simu chini."

"Nimwambie mama mzima asiniitikie? Kwa kinywa changu?"

"Sasa utafanya nini?"

"Nitangoja."

"Utangoja? Kila dakika ya simu tunailipia sisi. Tununue dakika za watu kupiga makofi?"

"Ndizo za maana kuliko zote."

Saady alitazama juu kama mtu anayetafuta shahidi kwenye dari. "Nimewahi kuuza dawa," akasema, "nimewahi kuuza majembe. Ukimya sijawahi kuununua."

Mchana huohuo Immakulata alikaa kitandani akampigia mama yake Murungu. Alitaka kujua ukimya wenyewe uwe mrefu kiasi gani. Akamwamkia, kisha akanyamaza. Akasikia simu inalazwa kwenye kitu kigumu. Akasikia kwa mbali viganja vya mama yake, pa, pa, pa, na sauti yake inaitika, inauliza, inaitika tena. Alikuwa hajawahi kuisikia salamu hiyo ikienda mpaka mwisho wake. Siku zote alikuwa ameshaingiza la kwake, mama nimetuma, mama umepokea, mama nina kazi, kwaheri.

Simu ikanyanyuliwa. "Uko hapo?"

"Niko, mama."

"Leo una nini? Mbona hunikimbizi?"

Immakulata akacheka na macho yakamlowa hapo hapo, akashindwa kujua kipi kimetangulia. "Nimeacha kazi ya kukimbiza watu," akasema, na ndivyo mama yake alivyopata habari.

Alirekodi upya. Akaamkia, akanyamaza muda ule wa mama yake, akagonga viganja vyake mwenyewe karibu na simu. Akauliza amani, akanyamaza. Akauliza watoto, akanyamaza. Kisha akasema polepole: sasa nina neno la kuku, nyanyua simu, weka sikioni, nakungoja. Akangoja. Ndipo akasema.

Vidoti vya kijani viliwaka muda mrefu mpaka Saady akawa anapita mbele ya kompyuta amefumba macho.

Alfajiri ya pili Titye, hawajaufikia uwanja, Saady alipunguza mwendo. Kulikuwa na kelele mbele. Hawakujua ni ya nini mpaka walipopinda kona ya mashine ya kusaga. Kuku. Kuku kwenye matenga, kuku kwapani, kuku wamefungwa kwenye baiskeli, majogoo wanatukanana kutoka mikononi mwa mabwana zao, na wanawake wamesimama mstari kutoka mlango wa shule mpaka barabarani. Immakulata aliruka kabla pikipiki haijasimama.

Mama Tharsisi alikuwa mbele kabisa. Akageukia mstari akatangaza, "Ndiye huyu. Yule wa simu. Amejifunza."

Immakulata, kwa furaha, akasahau yote, akainama akawaamkia kwa sauti ile ile waliyoizoea. Na watu wa Titye, kwa kuwa ni watu wa adabu, wakaweka kuku chini ili wamwitikie.

Viganja viligonga uwanja mzima mara moja tu. Kisha kila mtu akawa anakimbia. Mitetea inapita chini ya baiskeli, Havyarimana anamwita jogoo wake kwa jina, Saady ameshika boksi la barafu juu ya kichwa kama anavuka mto, anapiga kelele kwamba mwenye kuku mweupe amshike kuku mweupe, na kuku weupe walikuwa nusu ya kijiji.

Simu ya Immakulata ikaita mfukoni. Alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja chini ya ghala la mahindi.

"Ima," alisema Khatibu, "mwezi umeisha. Yule kijana yuko hapa mbele yangu. Mbona unahema?"

"Nafukuza jogoo, bosi."

"Unafukuza nini? Hizo kelele za nini?"

"Wateja." Akamdaka mguu. "Bosi, wa kwenu hawajambo? Mama kule Tanga hajambo?"

Kule ofisini hakuna aliyekuwa akimuuliza hivyo. "Hajambo," Khatibu akasema. "Miguu tu inamsumbua. Ahsante." Kisha taratibu, "Kwa hiyo nimwambie akae?"

"Mwambie akae. Kinazunguka vizuri, asiogope."

Akarudisha simu mfukoni, akatoka chini ya ghala na jogoo amembana kifuani, nywele zimejaa makapi. Saady alikuwa ameshafungua chupa. Akakinga jua kwa kiganja, akapima kwa macho ule mstari uliokuwa unajikusanya upya.

"Chupa moja haitoshi," akasema. "Nirudi Kasulu?"

"Rudi. Mimi naanza na huyu."

Akakigeuza kichwa cha jogoo, akalifungua jicho kwa kidole gumba, akadondosha tone la kwanza.