Chimni Iliyoyumba kwa Upepo Mwanana

Siku yangu ya kwanza kazini nilidhani kiwanda kinaungua. Kilikuwa kiwanda cha chai nje kidogo ya mji wa Njombe, asubuhi yenye ile baridi ya kupasua midomo. Moshi wa boila, badala ya kupanda juu kama moshi wenye adabu, ulitoka kwenye chimni, ukapinda, ukashuka nyuma yake hadi kwenye paa la chumba cha kunyaushia majani. Nikapiga kelele za moto. Msimamizi wa Boila, mzee ambaye hakuvua koti la sufu hata mbele ya tanuri, alinitazama kwa huruma.

"Binti, hakuna moto hapa. Huo ni upepo tu."

"Upepo unashusha moshi, mzee?"

"Chimni yetu fupi. Upepo ukifika kileleni unairuka, halafu nyuma unakuta pengo, unadondokea humo na kuuburuta moshi. Ukitaka chai isinuke moshi, uujue kwanza upepo."

Chuoni nilifundishwa ufundi mitambo, kufunga vali na kupima presha. Hakuna aliyenieleza kwamba nguzo ya mviringo iliyosimama ardhini ina ugomvi wa aina tatu na upepo. Juu kuna huo mporomoko. Chini, upepo unagonga mguu wa nguzo, unajiviringisha na kuupita pande zote mbili kama mtu anayekumbatia mti, na penye vumbi utaona umechimba kifereji mbele ya msingi. Ugomvi wa katikati nilikutana nao Makambako, na huo sijausahau hadi leo.

Makambako nilihamishiwa kwenye kiwanda cha kukausha mbao. Chimni yake ilikuwa ya chuma, ndefu, nyembamba, imesimama peke yake bila waya wa kuishikilia. Kipupwe kilipofika, upepo ulivuma hadi mabati ya majirani yakang'oka, nami nikawa naitazama chimni nikingoja ianguke. Haikutikisika. Wiki chache baadaye, katika upepo mwanana wa kupeperusha kitenge tu, ikaanza kuyumba. Tena upepo ulitoka mashariki, lakini chimni iliinamia kaskazini, kisha kusini! Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nilimkimbilia Mhandisi Mkuu, mtu mpole kutoka Ludewa.

"Upepo hauwezi kuufuata mgongo wa mviringo hadi mwisho," aliniambia. "Unaachia njiani. Kulia unatoa kisulisuli, kisha kushoto, kisha kulia tena, na kila kimoja kinaivuta chimni upande wake. Sasa chimni nayo ina mwendo wake, kama bembea. Visulisuli vikipishana kwa mwendo huohuo, bembea inazidi kupanda."

"Na ule upepo mkali?"

"Ule unavipishanisha haraka mno. Chimni haiwezi kuufuata."

Dawa yake ilikuwa mapezi, yaani vipande vya bati vinavyochomelewa kuizunguka chimni sehemu ya juu kama uzi wa skrubu, ili visulisuli vivurugike visiweze kuungana. Mapezi yakaletwa, na Mhandisi akaagiza mtu apande siku ya utulivu kabisa.

Aliyepanda ni Ezekia, fundi wetu wa kuchomelea. Mkewe, Mama Neema, alikuwa kibarua wa kupanga mbao palepale kiwandani. Tuliomba pamoja chini ya ngazi, kama ilivyo desturi, kisha Ezekia akapanda. Kwenye jukwaa dogo la juu akafunga kamba ya kupandishia vifaa. Hewa ilikuwa imetulia tuli.

Upepo ukaja polepole. Kinamama wakaufurahia, wakasema afadhali, jua lilikuwa kali. Mimi nilitazama juu, nikaona chimni inacheza. Ezekia alikuwa ameikumbatia ngazi, na ngazi inamrusha huku na huku. Hakuweza kushuka hata kidato kimoja. Nikapiga yowe.

Watu wakaidaka kamba. Kwanza wakavuta kuelekea upepo unakotoka, haikusaidia kitu. Nikawapigia kelele waje ubavuni, upande inakoinamia, wakaja. Lakini hawa walikuwa watu wa magogo. Gogo huku kwetu halivutwi bila wimbo: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, wanavuta kwa pamoja na kulegeza kwa pamoja. Mama Neema akaanzisha. Sauti yake ilikuwa kali na nzuri, na kila chimni ilipowainamia, wakavuta. Nayo ikazidi kuinama.

Mhandisi Mkuu alitoka ofisini mbio, kiatu kimoja hakina kamba.

"Acheni wimbo! Nyamazeni!"

"Bosi, mtu anakufa, tunyamaze?"

"Mnaisukuma wenyewe! Inakuja, mnavuta, mnaiongezea! Fungeni kamba kwenye trekta!"

Wengine walinyamaza. Mama Neema hakusikia, aliendelea kuimba huku machozi yakimtiririka. Nilimziba mdomo kwa kiganja, wenzake wasije wakamwitikia tena. Ndiyo, mke wa mtu, anayeimbia uhai wa mumewe, nilimziba mdomo. Alining'ata, sikumwachia. Trekta likasogea taratibu hadi kamba ikakaza kabisa. Chimni ikayumba, ikapunguza mwendo, ikatulia. Ezekia akashuka, akalala kifudifudi kwenye vumbi la mbao.

Mapezi yalichomelewa baadaye, na chimni haikucheza tena. Nami nilifanya kazi hapo hadi nilipostaafu.

Kwenye hafla ya kuniaga walimwita Ezekia, mvi zimemjaa, aseme machache. Nilidhani atanishukuru kwa siku ile. Akashika kipaza sauti.

"Kule juu sikuwa najua habari za visulisuli," alisema. "Nilikuwa nasikia sauti ya mke wangu, nikasema maadamu anaimba, bado naonekana mzima. Wimbo ulipokatika, nikajua wameona nimekwisha. Nikaiachia ngazi kwa mkono mmoja."

Soda ilinipalia. Miaka yote ile nilijua tulimwokoa. Upepo tuliuwaza, kamba tuliiwaza, na trekta pia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinua uso akamwita kwa jina na kumwambia kwa nini tumenyamaza. Ninyi vijana mnaosoma haya, mhandisi akiwaambia mnyamaze, nyamazeni, kwa sababu yuko sahihi. Ila kwanza mpigieni kelele aliyeko juu.

Pale ukumbini, Ezekia akarudisha kipaza sauti. Mama Neema, ambaye naye alikuwa anayasikia maneno yale kwa mara ya kwanza, alimngoja mumewe arudi kwenye kiti.

"Mkono upi, Baba Neema?"

Akamwonyesha wa kushoto. Mama Neema akaushika, na hakuuachia hadi tulipotawanyika.