Kichwa Hakichechemei

Iko siku moja uwanjani Amukura, mwanangu, ambayo naikumbuka nusu tu; nusu nyingine nilisimuliwa. Nakupa yote leo kwa sababu dada yako ameniambia ulianguka juzi mazoezini ukagonga kichwa, na umemwomba asiseme, kwangu wala kwa kocha.

Nilikuwa wa umri wako, beki wa timu ya wasichana, na tulikuwa tunacheza na timu ya Nambale. Ikapigwa kona. Mimi na mshambuliaji wao tukaruka pamoja, vichwa vikagongana. Nikaanguka, nikainuka. Sikuzimia, wala damu haikutoka. Watu wakanipigia makofi, na unajua makofi yanavyolewesha, nikaendelea kucheza.

Wanasema nilimuuliza kipa wetu tunafunga goli lipi. Akanionyesha, akacheka. Baada ya kitambo nikamuuliza tena, na mara hii hakucheka. Kisha nikampa mpinzani mpira, taratibu, kama mtu anayempa mgeni kiti.

Shangazi yangu Akisa, aliyenilea, alikuwa kati ya watazamaji. Aliuza mitumba sokoni Burumba, na siku hiyo alifunga kibanda ili aje kunishangilia. Alipoona hivyo alijifunga leso kiunoni akaingia uwanjani, mpira ukiendelea. Refa akapiga filimbi, akamwamuru atoke.

"Piga hiyo filimbi mpaka uchoke," Shangazi akamjibu. "Huyu hachezi tena."

Akanishika mashavu, akaniuliza asubuhi tulikula nini. Nikamwambia hajanipa chakula. Mwanangu, tulikuwa tumekula viazi vitamu na chai, sahani moja, tukicheka. Uso wake ulivyobadilika, huo naukumbuka.

Kocha wetu, mtu mwema kabisa, alisema hakuna jeraha, ninywe maji nipumzike kidogo nitakuwa sawa.

"Mwalimu," Shangazi akasema, "goti likiumia linachechemea, kila mtu anaona. Kichwa hakichechemei."

Nilitapika njiani kwenda hospitali. Daktari alinimulika macho, akanitembeza, akaniuliza maswali, akasema ubongo umetikisika ndani ya fuvu. Alimwonya Shangazi asiniache peke yangu. Maumivu yakizidi, nikitapika tena na tena, nikiwa mgumu kuamka, ulimi ukiwa mzito, mkono ukilegea au nikipata kifafa, anirudishe mbio bila kungoja.

Hayo hayakutokea, Mungu ashukuriwe. Lakini kwa wiki kadhaa mwanga uliniumiza, majina ya watu yalinipotea, nikalia bila sababu. Nilimfokea Shangazi nikitaka kurudi uwanjani. Timu ilikuwa imeshinda bila mimi, na hilo liliniuma kuliko kichwa. Yeye alitundika leso dirishani kupunguza jua, akakaa karibu akichambua mboga. Mara moja tu alinikaripia, tena kwa sauti ya chini: "Baba yako, ndugu yangu, nilimzika. Nimebaki na wewe. Timu ina wachezaji wengine."

Sikuomba mpira tena mpaka daktari aliponiruhusu. Na nilicheza miaka mingi baada ya hapo, usisahau hilo.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Sikukatazi mpira, naupenda pengine kuliko unavyoupenda wewe. Ila ukigonga kichwa, hata usipozimia, toka uwanjani papo hapo na useme. Usirudi siku hiyo hata ukijiona mzima, maana anayekupima ni kichwa kile kile kilichogongwa. Nenda hospitali. Kisha pumzika, urudi polepole kwa ruhusa ya daktari, kwa sababu pigo la pili kabla la kwanza halijapona ndilo linalomaliza watu. Kawia ufike. Na ukimwona mwenzako anauliza lile lile mara mbili, usimcheke. Mshike mkono umtoe.

Sasa vaa viatu, tunakwenda hospitali pamoja. Kocha nitamweleza mimi mwenyewe, na sijakasirika.

Mungu akupe miaka mingi ya kukimbia, mwanangu, na akupe watu watakaokupenda kiasi cha kukusimamisha.