Paja la Kushoto la Kavata

Kavata wa Tawa alizaliwa mdadisi. Utotoni alikuwa akivunja vichuguu kumtafuta malkia wa mchwa, na kuumwa hakukumkomesha. Basi mguu wake wa kushoto ulipovimba, ukawaka moto na kumpandisha homa, alitaka kujua sababu. Alipewa dawa, akapona. Baada ya miezi michache ukarudia, kisha ukarudia tena.

Wenzake wa kikundi cha kusuka viondo, vikapu vya mkonge, kanisani walikuwa na jibu. Kavata alisokota mkonge kwa kuuviringisha juu ya paja, alivyofundishwa na mamake, tena paja hilo hilo la kushoto.

"Hiyo mkonge inakukwaruza, uchafu inaingia," alisema Nzisa, mke wa kaka yake. "Wacha viondo, Kavata. Utakatwa mguu."

Kavata aliogopa. Lakini kuacha viondo, kazi pekee aliyoachiwa na mamake? Akaamua kujaribu kwanza: akahamia paja la kulia. Uzi ukatoka mnene kama kamba ya kufungia mbuzi, wenzake wakamcheka mpaka machozi. Akavumilia. Mvua zilipoanza, mguu wa kushoto ukavimba tena. Wa kulia, uliokwaruzwa mchana kutwa, haukuwa na neno.

Habari hizo akazipeleka hospitalini. Daktari Gakenia akasikiliza, akamtazama miguu yote miwili.

"Ni huu wa kushoto tu, Mama? Kila mara?"

"Huu tu. Ndio nimekuja kuuliza."

Akapigwa picha za nyonga. Mshipa unaopeleka damu mguu wa kulia ulikuwa umeulalia ule unaorudisha damu kutoka kushoto, ukaubana kwenye uti wa mgongo. Damu ilipanda kwa shida, mguu ukajaa maji, na vijidudu vikapata makao.

"Kama mpira ya maji imekanyagwa?" Kavata akauliza.

"Hivyo hivyo. Mikwaruzo kila mtu anapata, wewe jipake mafuta tu. Shida ilikuwa huku juu."

Mshipa uliobanwa ukatanuliwa, ukawekewa kimrija cha waya kuushikilia.

Mguu ulipopungua uvimbe na daktari akamruhusu, Kavata aliketi katikati ya kikundi, akapaka mafuta paja la kushoto, akaweka mkonge. Uzi ukatoka mwembamba, kama wa mamake, na Kavata akalia mbele yao wote. Kisha akamsogezea Nzisa kiondo alichokuwa hajakimaliza.

"Shika," alisema. "Mimi nasokota, wewe suka."