Mbegu Nilizozinyonya

Tangu daktari aniambie niache sukari, kila asubuhi nachemsha kokoa tupu, na harufu yake hunirudisha utotoni, uani kwa bibi kule Kyela. Siku moja nilipasua tunda zima la kokoa nikanyonya ule ute mweupe, mtamu, mpaka mbegu zikabaki uchi kiganjani. Bibi akaniona.

“Bila ute zitachachaje zipate ladha, mjukuu wangu? Nani atazinunua? Basi utazinywa mwenyewe.”

Zilipokauka juani akazikaanga kwenye chungu cha udongo cha soko la Lyulilo, akazitwanga, akanichemshia bila sukari. Nilijua ni adhabu. Nikaonja. Nyuma ya ule uchungu kulikuwa na kitu, sikukijua. Nikanywa tena nikikitafuta.

Bibi alingoja nilie. Nikamnyooshea kikombe kitupu, nikamshukuru kwa lugha yake.

“Ndaga, bibi. Zimebaki?”