Mwalimu wa Mikono ya Wazungu

Siku tulipomzika kaka yangu Gona, katekista alisema Mungu alimjalia kipawa cha kuwaelewa watu. Nikaitikia amina, maana matangani hatubishani. Lakini kipawa alichojaliwa Gona kilikuwa cha kufundisha. Kuelewa ni jambo lingine.

Mwaka 1984 alikuwa weita mkuu katika hoteli moja ya ufuoni, Malindi. Wageni wengi walikuwa Waitaliano, na lugha yao hakuna aliyeijua. Meneja, Bwana Mwaura, akampa vijana sita kutoka Kakuyuni.

"Wafundishe kusoma mikono ya hawa watu. Ijumaa nakuja kutazama. Wakikosea, wote sita warudi kwao wakalime mihogo."

Gona akafungua darasa nyuma ya jiko.

"Mgeni akikusanya vidole vyote na kuvitikisa, ataka nini?"

"Hatujui, mwalimu."

"Chumvi. Kwani nyinyi mwaitia vipi mchuzini? Na akizungusha kidole shavuni?"

"Jino lamuuma," akasema Dena.

"Mwanangu, wewe utafika mbali."

Miaka baadaye nilimuuliza padre mmoja Mwitaliano wa misheni. Vidole vile ni kuuliza, "Nini hiki?" Kidole shavuni ni kusifu chakula kitamu.

Basi mgeni aliyeletewa supu baridi alitikisa vidole, akapata chumvi. Akatikisa zaidi, akapata nyingine. Aliondoka akiacha vichupa saba mezani, na Gona akaeleza kwamba Wazungu hupenda chumvi kwa kuwa kwao hakuna bahari.

Ijumaa Mwaura akasimama mlangoni. Bibi mmoja wa Kiitaliano akaonja samaki wa kupaka, akamtazama Dena, akazungusha kidole shavuni. Dena hakusita. Alileta karafuu tatu kwenye kisosi, na maji ya vuguvugu, akamwonyesha gego la kutafunia. Yule bibi akatafuna kwa adabu. Mumewe alicheka mpaka machozi, kisha akabusu ncha za vidole vyake na kumrushia Dena lile busu.

Mwaura akamvuta Gona kando. "Na hiyo ni nini?"

Gona hakuwahi kuiona. "Hiyo, bwana meneja? Asema vijana wote sita wafaa. Nilidhani waijua."

"Naijua. Nilikuwa nakupima tu."

Wakaandikwa kazi jioni ileile. Uongo ni dhambi, na kila alfajiri namwombea kaka yangu msamaha. Lakini wale sita ndio waliobeba jeneza lake kutoka barabarani hadi shambani, na ile dhambi moja sijaweza kuijutia kwa moyo wote.