Mkimbiaji wa Tatu

Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti. Shuleni, kuanzia mwalimu mkuu hadi mfagiaji, kila mtu alimwita Mwalimu Magoti, kwa sababu kila jioni sauti yake ilivuka ukuta wa uwanja: "Magoti! Magoti juu! Huo ni mwendo wa kwenda kuoga!" Asubuhi alifundisha hisabati, jioni mbio fupi, na wanafunzi waliapa kwamba hisabati ilikuwa afadhali.

Mgeni angedhani mazoezi yake ni ya wavivu. Watoto walikimbia kipande kifupi kwa nguvu zote, kisha wakakaa kwenye nyasi wakipiga soga mpaka pumzi irudi yote. Wengine waliegemea ukuta wa maabara kwa mikono, miili imelala mbele kama wanaotaka kuubomoa, wakinyanyua goti moja moja. Wengine walikokota tairi kuukuu lililofungwa kwa kamba kiunoni.

"Ukikimbia umechoka," aliwaambia, "hujifunzi kasi. Unajifunza kuchoka, na hilo kila mtu analijua bila mwalimu."

Kati ya wasichana wake wa mbio za kupokezana kijiti, mmoja alikuwa binti yake wa kumzaa. Nyumbani alimwita Baba. Akivuka lango la shule, Mwalimu. Walikubaliana hivyo tangu kidato cha kwanza, na binti alilishika agano hilo kwa meno.

Hakuwa mwepesi kuliko wote. Kwenye mstari ulionyooka wenzake walimwacha, hata yule msichana mpya aliyehamia muhula ule, waliyembandika jina la Mshale. Lakini yeye alikimbia nafasi ya tatu, ile ya kona, na pale hakuwa na mpinzani. Alikipokea kijiti bila kugeuka nyuma wala kupunguza mwendo, na akamkabidhi wa mwisho kwa utulivu wa mtu anayempa mwenzake ufunguo wa mlango.

Balaa lilianzia chumba cha walimu. Mashindano ya shule yalikuwa yamekaribia, na mwalimu wa kemia, mtu wa mizaha, akasema huku akikoroga chai: "Magoti, hiyo timu ni ya shule au ya ukoo? Mwakani mlete na shangazi akimbie!"

Walimu wakaangua kicheko. Mwalimu Magoti naye akacheka, lakini neno lile lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Jioni alipotaja timu, nafasi ya tatu alimpa Mshale.

Binti yake aliinama. "Sawa, Mwalimu," akasema, akaokota viatu vyake.

Nyumbani, wakati wa kula, baba alimwomba amsogezee maji. Akayasogeza. "Sawa, Mwalimu."

Mama mtu, fundi cherehani, alilisikia hilo. Binti alipoondoka na vyombo, akamgeukia mumewe. "Umemtoa kwa nini?"

"Mshale ana kasi zaidi."

"Sijakuuliza nani ana kasi. Nimekuuliza kwa nini umemtoa."

Akashika tama. "Watu wanasema, mke wangu."

"Kwa hiyo kama angekuwa mtoto wa jirani, angekimbia?"

Mwalimu wa hisabati akaanza kukusanya makombo mezani.

Siku zilizofuata kijiti kilianguka mpaka kikachubuka rangi. Mshale akichomoka mapema, mwenzake hamfikii; akisubiri, anagongwa. Siku moja akakaa kwenye nyasi na kulia. Nahodha wao, msichana mrefu aliyekimbia nafasi ya mwisho, akapiga moyo konde na kumfuata Mwalimu.

"Mwalimu, naomba niseme, usikasirike. Ulitufundisha kwamba kinachoshindana ni kijiti, sisi tunakibeba tu. Mbona safari hii umechagua miguu?"

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Na binti yako akijua nimekuja, ataninyima salamu."

Mshale, aliyewasikia kutoka pale kwenye nyasi, akafuta machozi kwa kiganja. "Mimi nataka mbio zangu za kunyooka, Mwalimu. Hiyo kona inanivuruga kichwa."

Jioni hiyo Mwalimu alifika nyumbani akamkuta binti yake uani, anafua soksi. Akachuchumaa kando ya beseni.

"Mwanangu, nimekuonea."

Binti aliendelea kusugua. "Nani? Baba au Mwalimu?"

"Wote wawili. Mwalimu aliogopa maneno, na Baba akanyamaza."

Soksi ikatulia majini. "Nisirudishwe kwa huruma. Bora nikae."

"Hutahurumiwa. Kesho tutawajaribu wewe na Mshale, na saa sitaishika mimi."

"Ataishika nani?"

"Mwalimu wa kemia."

Binti akajikaza asicheke, ikashindikana.

Kesho yake mwalimu wa kemia alikuja na viatu vya ngozi, kakunja uso kama hakimu. Wasichana walikimbia pamoja na Mshale, wakapumzika vya kutosha, wakarudia pamoja na binti. Mwalimu wa kemia alipoisoma saa, akaitikisa, akidhani imeharibika. Akataka warudie yote upya. Jibu likawa lilelile: kwa mikono ya binti, kijiti kiliwahi kufika.

"Magoti," akasema kwa sauti ya chini, "siku ile nilikuwa natania tu, ndugu yangu."

"Najua. Mimi ndiye niliyeamini."

Siku ya mashindano walishika nafasi ya pili, nyuma ya shule iliyozoea kushinda, na hiyo ikatosha kuwavusha hatua inayofuata. Kijiti kilipoifikia kona, Mwalimu alisahau magoti, akasahau heshima zake, akapiga kelele mbele ya shule zote: "Kimbia, mwanangu! Kimbia, mama!" Mwalimu wa kemia, pembeni yake, alikuwa anaruka juu kuliko wanafunzi. Mshale alipata ya tatu kwenye mbio zake za kunyooka, akalala chini akicheka peke yake.

Mwalimu aliwapa wasichana siku ya kupumzika, kisha wakarudi uwanjani. Binti yake angemaliza shule mwisho wa mwaka, na nafasi ya tatu ingehitaji mtu. Bila kuambiwa na yeyote, alimchukua Mshale kwenye kona, akamwonyesha pa kuweka alama, wakati wa kuchomoka, namna ya kuuacha mkono nyuma bila kuutikisa. Kijiti kikaanguka. Wakacheka, wakakiokota, wakarudia.